Kabla Hujanunua Pampu, Shika Magurudumu

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Land Rover 110 ya mwaka 1996, injini ya dizeli 300Tdi. Nakaa Muheza, nanunua machungwa na viungo huku Amani na kuvipeleka Tanga mjini, soko la Mgandini. Miaka miwili nyuma gari lilikuwa linakwenda kilomita 8 mpaka 9 kwa lita. Sasa halifiki 6. Mwaka jana nilifunga matairi makubwa ya matope, 285/75, na keria juu. Likipanda mlima linatoa moshi mweusi. Fundi mmoja ameniambia pampu na nozeli zote zimekufa, ninunue mpya, na kwa bei aliyonitajia naona bora niuze gari. Anayeliendesha ni mtoto wa kaka yangu. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Gari usiuze, na pampu usinunue, angalau si mwezi huu. Sisemi pampu yako ni nzima, maana sijaiona wala kuisikia. Nasema pampu ndiyo ya mwisho kushikwa, na huyo fundi wako kaanzia mwisho. Pampu ya Bosch iliyofungwa kwenye 300Tdi ni chuma kigumu. Ukiilisha dizeli safi itazeeka pamoja na gari. Vinavyokufa mapema ni vitu vidogo: mpira uliopasuka, pistoni ya breki iliyoshika kutu, themostati, ile inayoilindia injini joto lake, iliyong'olewa ikatupwa. Kila kimoja kinachota kikombe chake cha dizeli, na wewe unaona tangi tu linashuka.

Kwanza tujue unapoteza kiasi gani hasa. Hiyo 6 yako umeipataje? Nauliza kwa sababu matairi uliyofunga yanaidanganya mita ya dashibodi. Tairi la kiwandani la gari lako ni 7.50R16, na 235/85R16 ni karibu sawa nalo. Kimo chake ni kama milimita 806. Hilo la 285/75R16 lina kimo cha milimita 834 hivi. Likizunguka mara moja linakwenda mbele zaidi, lakini mita inahesabu mizunguko tu, haina habari kwamba umebadilisha viatu. Ikisema umetembea kilomita 100, wewe umeshatembea 103 na nusu. Kwa hiyo 6 yako ni 6.2. Si nyingi, ila hiyo umeipata bure bila kushika spana.

Upimaji wenyewe ni wa daftari. Jaza tangi kwenye kituo kimoja, pampu moja, gari likiwa limesimama sawasawa, na mwambie anayejaza aishie pale bunduki inapojikata yenyewe, asikuongezee "kidogo tu". Tangi la 110 linabeba karibu lita 80, kwa hiyo nafasi unayo. Andika kilomita. Tembea shughuli zako za kawaida si chini ya kilomita 300, rudi pampu ile ile, jaza vile vile, gawanya kilomita kwa lita. Rudia mara mbili, maana kipimo cha mara moja hukosea. Tena nakuomba upime safari za lami, Muheza kwenda Tanga, peke yake, na za Amani peke yake. Ukizichanganya hutajua lolote.

Sababu ni mlima. Amani iko kwenye mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, Muheza iko chini huko. Kupandisha gari la tani 2 likiwa tupu mita 700 kunakula lita moja na kitu kwa ajili ya kupanda tu, mbali na mafuta ambayo ungetumia kwa umbali huo huo tambarare. Hata gari likitoka kiwandani leo, lita hiyo litaila. Bahati yako ni kwamba mzigo unashuka nao, hupandi nao. Kwa hiyo kama mwaka juzi ulikuwa unakwenda Amani mara moja kwa wiki na sasa unakwenda mara tatu, sehemu ya hasara yako wala si ugonjwa.

Halafu, huyo kijana. Usimshuku mtu kabla ya kupima. Nimeona ndugu wakinuniana mwezi mzima kwa ajili ya lita tano, kumbe kibomba kidogo cha kurudishia dizeli juu ya nozeli kilikuwa kinadondosha usiku kucha. Lakini sitaficha, nimeona pia madumu yakijaa nyuma ya nyumba. Daftari litawatetea wote wawili, wewe na yeye.

Sasa magurudumu, na hapa nitakaa kidogo.

Miaka mingi nyuma, nikiwa bado najiona najua, mzee mmoja wa Pangani aliniletea Land Rover yenye malalamiko kama yako: inakula, haivuti. Nikafungua pampu siku hiyo hiyo. Ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa, ikakaa siku kumi, ikarudi na jibu kwamba haina tatizo. Nikaifunga, tukatoka kuijaribu barabara ya Pangani, tukarudi gereji gari likiwa zito vile vile. Mzee akashuka, akaegemea gurudumu la mbele kushoto ili afunge kamba ya kiatu, akaruka kama aliyekalia siafu. Rimu ilikuwa ya moto, grisi imeyeyuka inachuruzika kwenye habu. Breki ilikuwa imeshika muda wote huo. Gharama za pampu nililipa mimi, na sijawahi kuilalamikia hela ile. Tangu hapo gari lenye malalamiko ya mafuta likiingia kwangu, kabla sijafungua boneti napitisha mkono kwenye magurudumu manne.

Kwa nini breki? Gari lako lina kalipa zenye pistoni nne kwa kila gurudumu la mbele. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na wewe unaongeza matope mekundu ya Amani. Kifuniko cha mpira kinachozunguka pistoni kikichanika, kutu inaota pembeni mwa pistoni. Ukikanyaga breki inatoka, kwa sababu mafuta ya breki yanaisukuma kwa nguvu. Ukiachia hairudi, kwa sababu kinachoirudisha ni mpira mdogo tu wa ndani, hauna ubavu wa kushindana na kutu. Pedi inabaki inasugua diski. Dereva hasikii kitu. Anahisi gari ni zito, anaongeza mafuta. Kuna na mpira wa breki wenyewe, ule unaoshuka kwenye gurudumu: ukizeeka unavimba kwa ndani, unaruhusu shinikizo kuingia na kukataa kulirudisha. Kama mipira yako ni ya mwaka 1996, ibadilishe bila hata kupima.

Jaribio ni hili. Tembea kilomita kumi za lami mchana usio na foleni, ukifika mwisho achia mafuta, gari lipungue lenyewe, ulisimamishe kwa breki kidogo sana. Shuka, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu. Nimesema mgongo wa mkono, na nimesema karibu. Linganisha kushoto na kulia. Magurudumu mawili ya mbele yawe na uvuguvugu mmoja. Moja likikupiga joto usoni kama mlango wa tanuri, umeshampata mwizi.

Baada ya hapo jeki. Tafadhali mkumbushe kijana jambo ambalo limeshaumiza watu: hendibreki ya Land Rover hii haishiki magurudumu, inashika propela shafti ya nyuma, pale nyuma ya transfa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka, na gari linaweza kuondoka na hendibreki ikiwa imefungwa. Weka magogo au mawe ya maana mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini. Kisha tia giaboksi fri, transfa fri, hendibreki ilegee, zungusha gurudumu kwa mkono. Sauti ndogo ya pedi kugusa diski si neno. Gurudumu linalotaka mikono miwili na mguu ukutani, kalipa yake ishuke, ifunguliwe, pistoni na mipira yake ibadilishwe. Hapo hapo litikise juu na chini kuona beringi: likicheza sana ni kosa, na beringi iliyokazwa na fundi mwenye hasira mpaka haipumui ni kosa pia. Ngoma ya hendibreki nayo, kama imekazwa kupita kiasi, inasugua siku nzima na utaisikia harufu.

Kuna kitu kingine ambacho kwenye Land Rover nakipa uzito kuliko nozeli: difu loki ya katikati. Gari lako linavuta magurudumu yote manne wakati wote, na difu ya katikati ndiyo inayoruhusu ya mbele na ya nyuma yatofautiane kwenye kona. Kijana akiifunga kwenye utelezi wa Amani, amefanya sawa. Akifika lami Muheza akaisahau, ekseli ya mbele na ya nyuma zinapigana mpaka Tanga, matairi yanalika na dizeli inakwenda. Kibaya zaidi, vijiti vyake vya chini hushika kutu na tope, na swichi ya taa hufa. Unarudisha mkono wa gia, taa ya dashibodi haiwaki, nawe unaamini imefunguka, kumbe ndani imebaki imefungwa. Jaribu hivi: nyanyua gurudumu moja la mbele, giaboksi fri, transfa fri, mawe yamewekwa. Difu loki ikiwa imefunguka, gurudumu litazunguka kwa mkono. Ikiwa imefungwa, litakugomea kabisa. Dawa mara nyingi ni kuvisafisha vile vijiti, kuvitia oili, na kuchezesha mkono wa gia gari likitembea polepole mbele na nyuma. Ukipita wiki tatu bila mvua, ifunge na kuifungua mara kadhaa kwenye vumbi, isisahau kazi yake.

Tuje kwenye matairi yako mapya, na samahani kama nitakukera. Umeyanunua kwa ajili ya siku chache za masika na unayabeba siku nyingi za lami. Tairi la matope ni zito, meno yake yanajikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kwa kimo chake umerefusha gia zote bila kukusudia, kwa hiyo kilima alichokuwa anapanda kwa gia ya nne sasa kijana anakitaka ya tatu. Siwezi kukwambia uyatupe, yamekula hela. Yakiisha, rudi kwenye 7.50 au 235/85 yenye meno ya wastani. Barabara ya Amani imepandwa na Land Rover zenye matairi membamba tangu kabla sijazaliwa.

Upepo: kwa tairi la kiwandani, 110 inataka psi 28 mbele na psi 48 nyuma ikiwa na mzigo. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayosahaulika. Kijiweni watakujazia 35 kote, kwa mkupuo, na geji iliyoangushwa mara mia. Nyuma ukibeba machungwa kwa psi 35, tairi linalala ubavuni na gari linakuwa kama linatembea kwenye mchanga wa Raskazone. Nunua geji yako, pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi la moto linasoma juu. Kwa hayo ya 285 fuata tofauti ile ile ya mbele na nyuma, usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, halafu angalia linavyolika: likilika katikati upepo umezidi, likilika kingo zote mbili umepungua. Likilika ukingo mmoja, hiyo si ya upepo, nenda ukapime alaimenti na utazame tairodi.

Keria ishushe siku ambazo haibebi kitu. Land Rover ni kabati lenye magurudumu, haihitaji kabati la pili juu. Upepo unaolikinza gari unaongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 70 kwa saa kwenda 100, unasukuma hewa kwa nguvu mara mbili. Kwenye lami ya Muheza na Tanga, ambayo haifiki hata kilomita 40, kumwambia kijana asivuke 80 kutamchelewesha dakika chache tu. Machungwa hayaozi kwa dakika hizo.

Sasa ndio tufungue boneti. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kutosha kuungua. Fundi wako ameusoma kwamba dizeli imezidi. Mimi nausoma kwanza kwamba hewa imepungua. Anza na eakilina. Hilo kopo lina mdomo mdogo wa mpira chini unaotoa vumbi na maji. Ubinye, usafishe, hakikisha haujachanika. Toa chujio, lishike kwenye mwanga wa jua, tazama kwa ndani: usipoona mwanga ukipenya, limekwisha. Ukilipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje na upepo mdogo, la sivyo utalitoboa matundu usiyoyaona na vumbi litakwenda moja kwa moja kulamba tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, na ringi za pistoni. Usiligonge kwenye tairi. Na asitokee mtu wa kulitoa kabisa "ili gari lipumue". Huyo anakuuzia injini mpya kwa mkopo.

Kutoka kwenye tabo, hewa inapita kwenye mipira mikubwa kwenda kwenye rejeta ndogo ya kuipooza, kisha injini. Mipira hii hupasuka upande wa chini, usioonekana. Ipanguse, ikunje kwa mkono, tafuta ufa na alama mbichi ya oili iliyopulizwa. Kuna vimpira vyembamba pia, kimoja kinapeleka shinikizo la tabo juu ya pampu kuiambia "hewa imefika, ongeza dizeli". Hicho kikipasuka gari halitoi moshi, linakuwa mvivu tu, na dereva anakanyaga mpaka sakafuni na kushuka gia moja mlima mzima. Nimeona pampu ikihukumiwa kufa kwa kosa la kimpira chembamba kama kidole cha mtoto.

Kisha chungulia kama una themostati. Natania nusu. Hapa kwetu kuna imani kwamba Tanga ni joto, themostati ni ya Wazungu wa baridi, kwa hiyo gari likichemka mara moja tu inang'olewa. Injini ya dizeli inataka joto lake ili iungue vizuri. Ya kwako imepangiwa themostati ya nyuzi 88. Ikikimbia kwenye 60 inakunywa zaidi na silinda zinalika. Kama mshale wa joto ukifika Tanga bado uko chini, huo ndio ushahidi. Ukinunua mpya ijaribu jikoni kwanza: itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, washa jiko. Ifunguke kabla maji hayajachemka sana.  

Feni yako nayo ina klachi yake ya mafuta mazito, ili ivute kwa nguvu pale joto linapopanda tu. Ikifa watu huichomelea izunguke muda wote, na kila dakika inaiba nguvu. Injini ikiwa imezimwa na ni ya baridi, isukume kwa mkono: itembee kwa ukinzani mdogo. Ikiwa ngumu kama imepigwa boliti, umeshajua.

Oili ni 15W-40, isizidi alama ya juu. Kwenye vumbi lako ningeibadilisha kila kilomita 5,000. Giaboksi ya R380 inataka oili nyepesi aina ya ATF. Akikutilia ile nzito ya difu, asubuhi gia zitakuwa ngumu na utalipia uzito huo.

Tapeti, yaani nafasi za valvu: mara ya mwisho ziliwekwa lini? Kwenye 300Tdi ni milimita 0.20, za kuingiza na za kutoa zote sawa, injini ikiwa ya baridi. Ni kazi ya asubuhi moja na fila geji. Na taimingi belti ikiwa ilibadilishwa katika miaka hii miwili, mwambie fundi akague kama pampu imekaa kwenye alama kwa kutumia pini zake, si kwa macho. Jino moja likiruka, gari linawaka na kutembea, ila halitakuwa lile.

Dizeli yenyewe: badilisha filta, na ufungue kile kichujio cha maji kwenye chesesi, umwage mpaka itoke dizeli tupu. Kwa unyevu wetu wa pwani, tangi linalolala tupu linatengeneza maji usiku, kwa hiyo lilaze likiwa limejaa. Nunua kwenye kituo cha kudumu, usinunue kwenye madumu ya barabarani hata kama bei inavutia. Vinasaba, alama za kutambulisha mafuta halali, vilianza kutiwa kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya watu kuchanganya mafuta ya taa ndani ya dizeli, na pampu yako inalainishwa na hiyo hiyo dizeli. Ukiinywesha mafuta ya taa inasagika. Na ukiona EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wametangaza bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, tazama ya Muheza na ya Tanga mjini. Tofauti ni ndogo, haifai kuifuata kwa safari maalumu, ila kama unakwenda Mgandini kwa vyovyote, jazia huko.

Ukishafanya yote hayo na moshi bado upo, ndipo nozeli zitoke. Zipimwe kwenye mashine, uone kwa macho yako zinavyonyunyiza: ukungu mwembamba ni nzima, mchirizi au tone ni mbovu. Anayebadilisha nozeli bila kukuonyesha anabahatisha kwa hela yako. Zikirudi zifungwe na washa mpya za shaba. Pampu nayo, itazame kwanza kama kuna mtu ameshafungua skrubu ya mafuta ili "gari livute". Hiyo ni sababu ya kawaida sana ya moshi mweusi, na kuirudisha hakuhitaji pampu mpya.

Kuhusu kijana. Land Rover yako haina mita ya mizunguko, kwa hiyo afundishwe kwa sikio. Nguvu ya injini hii iko kwenye mizunguko 1,800 hivi, chini sana. Ikianza kulia kama kinu cha kusaga, ameshapita, apandishe gia. Na kuna tabia moja naiogopa kwenye barabara ile kuliko moshi wowote: kushuka kutoka Amani kwa fri ili kubana mafuta. Habani chochote. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu inakata dizeli kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Likiwa fri injini inabidi ijilishe yenyewe isizime. Kwa hiyo anayeshuka fri na tani ya machungwa mgongoni anatumia mafuta zaidi, na breki zake zikifika Sigi zinanuka.

Anza kesho na yale ya bure: daftari, geji ya upepo, mgongo wa mkono, keria chini. Jumamosi fundi anyanyue magurudumu na kujaribu difu loki mbele yako. Kama unatembea kilomita 1,200 kwa mwezi, kwa 6 unanunua lita 200. Kwa 8 ungenunua 150. Lita 50 hizo za mwezi wa kwanza ndizo zitakazolipia kalipa na mipira. Ukishajaza mara mbili niandikie vitu vitatu tu: kilomita kwa lita za lami, za Amani, na gurudumu lipi lilikuwa la moto. Usiniambie alichosema fundi, niambie mkono wako ulichohisi.